Maziwa Kwenye Waya

"Ukitingisha mkono, mzee, video inanenepa."

Ala! Inanenepa? Kwani inakula nini? Nilikuwa nimetoka kijijini Muthara na chupa ya maziwa kumbariki binti yangu Mukiri, anayeolewa Jumamosi huko Amerika. Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, na viza walininyima. Na mimi siwezi kumwacha binti aolewe hivi hivi, bila baba yake kumnyunyizia maziwa kifuani kwa mdomo, kama desturi yetu. Nikaambiwa Meru mjini kuna Kathambi, mwalimu wa kompyuta, atanipiga video, kisha anipitishe kwenye laini ya simu. Mimi mzima, na koti langu!

Koti ndilo alilolikataa kwanza. Eti miraba yake inaisumbua kamera. Akafunga pazia kwa sababu migomba nje ilikuwa ikipepea, akaniketisha mbele ya ukuta mtupu.

"Kompyuta inaandika kile kinachobadilika tu," akasema. "Ukitulia, video inakuwa nyepesi, Mukiri ataitazama huku ikiingia. Ukichezacheza, ataona vipande vipande."

"Sasa nitabariki vipi nikiwa nimetulia?"

"Sema tu kwa mdomo, baba Mukiri."

Nilichanganyikiwa kabisa. Nikakaa kama kisiki, nikataja jina la Mukiri, ambalo ni la mama yangu. Halafu hasira ikanipanda. Nimekuja kubariki au kupigwa picha ya kitambulisho? Nikapiga funda la maziwa, nikayapuliza, pfuuu! Kamera ikalowa.

"Woi! Mzee, imeharibika! Turudie."

"Baraka hairudiwi," nikamwambia, nikachukua koti langu.

Akaibana ile video hivyo hivyo, ikawa ndogo kama kiberiti, akaituma.

Ijumaa nikarudi kungoja simu ya Mukiri.

"Baba, uliniogopesha. Mbona ulikaa vile? Nilidhani unaumwa na wananificha."

"Muulize huyu Kathambi! Na maziwa, uliyaona?"

"Hapana. Picha ilivunjika yote, vipande vyeupe vikajaa, uso wako ukapotea."

Basi nimemharibia mtoto, nikawaza, na harusi ni kesho. Nikaanza kumwomba msamaha.

"Wacha, baba." Alikuwa analia. "Niliposikia ile pfuuu, nilisogeza kifua changu mpaka kikagusa kompyuta."

Nililia mbele ya yule mwalimu bila haya. Mpaka leo sielewi maziwa hupitaje kwenye waya, lakini yalifika.