Kitabu Kisicho na Ng'ombe

Shemeji yangu Keraryo akikasirika huwaga anaongea na ng'ombe wake badala ya kuongea na wewe. Siku nilipomwambia kwamba kitabu changu cha mapishi kitazinduliwa nyumbani kwao Butiama, na kwamba hatuchinji, alimgeukia dume lake jeusi.

"Umesikia? Mama Isaya anataka kulisha wazee majani. Sasa wewe utakula nini?"

"Shemeji," nikamwambia, "mimi niko huku."

Mimi naitwa Boke. Nauza chakula Bweri, hapa Musoma, na hasira zangu zinajulikana mpaka stendi. Kitabu nilikiandika kwa sababu ya ukame. Mwaka ule malisho yalipokauka, ng'ombe wa ukoo mzima waliisha, na mimi nikalisha watu kumi na mmoja kwa miezi saba bila nyama, bila samaki, bila maziwa, bila yai. Nilipika karanga, ufuta, kunde, muhogo na msusa, yale majani ya maboga. Hakuna aliyekufa. Keraryo alinenepa. Mvua iliporudi na mifugo ikarudi, watu wakasahau, lakini mimi nilikuwa nimeshaandika kila kitu kwenye madaftari ya watoto.

Aliyekichapa ni Matrida, rafiki yangu tangu tulipopata kipaimara pamoja. Karatasi anatengeneza mwenyewe. Anachukua madaftari ya zamani na magugu maji yanayosukumwa ufukweni kule Murangi, anayatwanga kwenye kinu, anachuja kwa wavu wa dagaa uliochakaa, halafu anaanika juani. Kurasa anazishona kwa uzi wa katani. Gundi ya dukani aliikataa aliposikia kuna nyingine inachemshwa kwa ngozi na kwato, akakoroga uji mzito wa muhogo, akabandikia huo.

"Kitabu chako hakina ng'ombe ndani," aliniambia, "basi na nje asiwepo."

Kwa nguvu zake alimaliza nakala arobaini. Zaidi ya hapo tulimtegemea mtu mmoja, Sista Pelagia, mkuu wa shule ya wasichana kule Bunda, ambako wanafundisha mapishi. Alisema akiridhika siku ya uzinduzi atachukua mia tatu. Asiporidhika, Matrida anafunga kibanda na kurudi kwao Mugeta kulima, na kitabu changu kinafia hapo kwenye arobaini. Sharti lake lilikuwa moja tu, kilichoandikwa kitabuni ndicho kiwe kwenye sufuria.

Siku yenyewe, kule Butiama, nilianza kupika alfajiri. Saa nne hivi nikaenda kisimani, niliporudi nikafunua sufuria kubwa ya msusa. Ilikuwa inang'aa. Harufu ikanijia nikaijua kabla hata sijaonja. Samli.

Mama mkwe wangu, bibi Nyamburi, alikuwa amekaa pembeni na kibuyu chake mapajani, katulia kabisa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuokoa, mwanangu. Mboga bila samli unampa mgeni? Watasema tumewalisha kama mbuzi."

Angekuwa mtu mwingine, ningemwambia maneno ambayo padre angeniitia. Lakini huyu ni mama, na hakuwa na ubaya. Kwetu mboga unamalizia kwa samli au maziwa, usipofanya hivyo mgeni anajua humtaki. Aliona nitaaibika, akanifichia aibu. Nikaingia ndani nikalia kidogo, nikafuta uso kwa kanga, nikatoka na kisu kwenda shambani kuchuma msusa mwingine. Karanga nilizikaanga na kuzisaga kwa hasira mpaka zikatoa mafuta zenyewe.

Matrida alinivuta kando. "Nyamaza tu, Boke. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Njia ya mwongo ni fupi, na mia tatu hazitafika kwa njia hiyo."

Wageni walipokaa, wazee upande mmoja na Sista Pelagia katikati na kalamu yake, nikasimama. Nikasema, "Huko jikoni leo kuna sufuria moja imeingia samli. Haikuwa nia yangu, lakini jiko la leo ni langu. Nimepika nyingine kama kitabu kinavyosema."

Sista akafunga daftari lake. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili.

Keraryo akacheka. "Kumbe hata wewe umeshindwa kupika bila ng'ombe! Lete zote mbili hapa. Mimi nimelelewa na samli, siwezi kudanganywa na majani."

Nikapakua mabakuli mawili mama mkwe akiona, nikampelekea na ugali wa muhogo, sikumwambia lipi ni lipi. Akaonja la kushoto. Akaonja la kulia, akakunja uso, akalisukuma. Akalirudia la kushoto, tonge baada ya tonge, mpaka akawa anapangusa bakuli kwa kidole.

"Hii," akasema, "hii ndiyo samli. Huu ndio mkono wa mama yangu. Ile nyingine ndiyo majani yenu."

Bibi Nyamburi akainuka polepole, akiegemea fimbo. Nilidhani atanitetea au atanizika.

"Keraryo mwanangu," akasema, "samli niliitia mimi mwenyewe. Iko kwenye bakuli ulilolisukuma. Hilo ulilolilamba lina karanga tu. Ndicho chakula ulichokuwa unakula mwaka ule ng'ombe walipoisha, ukawa unaomba kuongezwa."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Keraryo alitafuta ng'ombe wa kuongea naye, hakumwona. Sista Pelagia akanyoosha mkono akaomba apakuliwe bakuli lingine la ule wa karanga, akala lote, ndipo akafungua tena daftari.

"Mpishi anayejishtaki mwenyewe mbele ya wageni," akasema, "kitabu chake nitawapa wasichana wangu. Mia tatu. Na Matrida aje kuwafundisha kutengeneza hiyo karatasi."

Matrida alipiga kigelegele, halafu akalia. Mimi pia nililia, sioni haya kusema, na safari hii sikukimbilia ndani.

Keraryo aliondoka na nakala yake kwapani bila kuaga. Nikajua tumeachana kwa ubaya.

Wiki tatu baadaye, niko Bweri nageuza chapati zangu za maji, bodaboda ikasimama. Akashuka shemeji, vumbi tupu, ameshika jalada moja na vipande vya uzi wa katani.

"Mama Isaya," akasema, akiangalia chini. "Nilikiweka juu ya uzio wakati nakamua. Lile dume limekila."

"Limekula kitabu?"

"Chote. Na gundi limelamba."

Nikageuza chapati iliyokuwa imeanza kuungua.

"Nilikuwa nimefika ukurasa wa kunde," akasema. "Nipe kingine, shemeji. Hiki nitakiweka ndani."