Kona ya Picha

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mmwaga mchanga alikuwa amekaa pale pale alipokuwa amekaa shemeji yake alipoanguka na kufa mwezi uliopita: juu ya kibao chembamba mbele ya injini, ndoo katikati ya magoti, miguu ikining'inia juu ya reli. Kazi yake ilikuwa kurusha mchanga relini kwa mkono ili magurudumu yasiteleze mlimani. Injini ilikuwa na bomba la kufanya hivyo. Meneja aliliziba, eti watalii hawaji kutazama bomba, wanataka kazi ifanywe kama kwenye picha ya zamani ya reli hiyo.

Chini ya koti kuukuu la maonyesho alikuwa amejifunga kamba. Meneja akaiona kabla hawajaondoka.

"Nini hiyo?"

"Kamba, bosi. Mke wangu kaniomba. Kamzika kaka yake mwezi jana tu, hataki kumzika na mume."

"Kwenye picha ya zamani kuna kamba?"

"Hata waliokufa hawamo kwenye picha, bosi."

"Mdomo huo utakuponza. Fungua, au shuka. Pale getini wamejaa wanaoitaka nafasi yako."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomchoma. Akaifungua. Meneja akaitupa kwenye behewa la mizigo na kujipangusa mikono.

Kwenye kona kali kuliko zote watalii walishushwa wapange kamera zao. Garimoshi likarudi nyuma, kisha likapanda kwa mbwembwe, moshi tele. Reli zilikuwa utelezi mtupu.

"Mchanga!" dereva akapiga kelele. "Ongeza mchanga!"

Akarusha kwa mkono mmoja. Haikutosha, akarusha kwa yote miwili. Injini ikashtuka, kibao kikamponyoka. Akadaka mnyororo wa mbele kwa vidole vitatu, visigino vikaburuzwa kwenye kokoto, mpaka dereva aliposikia ndoo ikipondwa na kufunga breki.

Watalii wakapiga makofi.

"Mzima, ndugu yangu?" dereva aliuliza, akiruka chini.

Mmwaga mchanga aliuinua mguu wake. Kiatu kimoja hakikuwepo, kisigino kilikuwa nyama tupu. Aliwatazama wale waliokuwa wakimshangilia, na alitamani kuwarushia kokoto mpaka zimwishie mkononi. Meneja akaja mbio na ndoo nyingine, imejaa pomoni.

"Leo umewakuna kweli kweli!" alisema, akimwekea ndoo miguuni. "Ila kuna mzee mmoja kamera yake haikuwaka. Tunarudia. Na pale pa kuteleza, kaka, ning'inia kidogo zaidi."