Mlevi na Mzee wa Kanisa

Mwaka 1996, kiangazi kikiwa kimekaza, ofisi ya mradi wa maji pale Tawa ilikuwa na kompyuta mbili juu ya meza moja. Kila asubuhi Ndinda, karani wa mradi, alizipangusa vumbi, akaziwasha, akakaa kuzisubiri. Wafadhili walikuwa wamezileta zishindanishwe. Kwa nje zilifanana. Tofauti ilikuwa ni mfumo uliokuwa ndani, kila mmoja wa kampuni yake. Kazi ilikuwa moja tu: kuendesha pampu na kugawa maji kwenye mabomba. Wiki moja iliongoza hii, wiki nyingine ile, na ile ambayo ingeonekana imara ndiyo ingebaki.

Ndinda alizipa majina. Ya kwanza haikuwahi kuanguka hata umeme ulipoyumba, kwa hiyo akaiita Mzee wa Kanisa. Ya pili ilikwama saa yoyote. Kishale kilisimama katikati ya skrini, kibodi ikakataa kusikia kidole, mpaka mtu aizime na kuiwasha upya. Hiyo aliiita Mlevi.

Bomba la sokoni lilitoa maji membamba, awe anaongoza Mlevi au Mzee wa Kanisa. Mulei, mwenyekiti wa mradi, alikuwa amewaeleza watu kwamba kisima kimechoka, nao wakakubali. Wengi walirudi kuchimba mchanga mtoni kutafuta maji. Mutindi, mama mmoja wa pale, hakuweza kwenda mtoni. Mkaza mwanawe alikuwa amejifungua wiki hiyo, na nyumbani hapakuwa na maji ya kumwogesha mtoto. Basi alifika bombani mapema na mtungi wake, akaukinga.

Zamu ilikuwa ya Mlevi. Mtungi haujafika nusu, Mlevi akakwama, na maji yakasimama. Hayakukatika. Yalisimama pale pale, kati ya mdomo wa bomba na mdomo wa mtungi, kama fimbo ya kioo. Mutindi aliyagusa akakuta ni baridi, na magumu kiasi cha muwa. Akayavuta. Yaliyokuwa ndani ya bomba yakafuata, marefu, polepole. Akaazima panga kwa muuza miwa, akayakata vipande, akavifunga kwa leso na kujitwika mzigo kichwani. Njiani alipitia ofisini.

"Umeshaiwasha?" akamuuliza Ndinda.

"Bado, mama. Ndiyo nilikuwa naenda."

"Kunywa chai kwanza. Mimi nakaa mbali."

Ndinda akanywa chai, tena taratibu. Alipoiwasha kompyuta, Mutindi alikuwa amekwisha kuusimamisha mzigo ndani ya nyungu. Maji yakalegea, yakajaa, na mtoto akaogeshwa.

Tangu hapo, katika wiki za Mlevi, kina mama waliacha mitungi nyumbani. Walikuja na panga na leso, wakaketi kuongea mpaka akwame.

Jumapili moja Mlevi alikwama watu wote wakiwa ibadani, Ndinda naye akiwa kwenye kwaya, na hakukuwa na mtu wa kumwasha. Walipotoka kanisani waliona kitu kinang'aa chini ya kilima. Ilikuwa ni kwenye shamba la Mulei. Juu ya michungwa yake maji yalikuwa yamesimama hewani, matao kwa matao, yamepita urefu wa nyumba. Ndipo ikaeleweka kwamba Mulei alizoea kuyafungulia maji shambani kwake wakati watu wako katika ibada na kuyafunga kabla ya baraka. Siku hiyo alikuwa amezungusha koki mpaka mkono ukamuuma, na maji hayakushuka.

Kina mama walikwenda nyumbani, wakachukua panga, wakashuka shambani wakiwa bado na nguo zao za kanisani. Mulei aliwafungulia lango mwenyewe, akawaomba wasikanyage miche. Kisha akamgeukia Ndinda.

"Nenda ukaiwashe hiyo mashine."

"Leo ni siku ya Bwana, Mwenyekiti," Ndinda akajibu. "Kazi ni kesho."

Wakavuna. Walikata maji ya mashina na maji ya juu kabisa, na vijana wakapanda ngazi kuwasaidia. Walipopanda kilima walikuwa msururu mmoja unaometameta, wakiimba wimbo ule ule wa ibada, na Mutindi mbele amebeba tao zima mabegani bila kulikata. Kila aliyekaa kando ya barabara aliinuka. Hakuna nyumba iliyokosa, hata za wale ambao hawakuwa wanachama.

Mwezi uliofuata ulifanyika mkutano wa kuchagua mfumo. Mtaalamu Ng'ang'a, aliyetoka Nairobi, alieleza kwamba Mzee wa Kanisa hajaanguka hata mara moja, na Mlevi huanguka karibu kila siku. Alishauri wachukue Mzee wa Kanisa. Mikono ya kina mama ilipanda kwa Mlevi. Ng'ang'a akauliza sababu, na Mutindi akasimama.

"Huyu asiyeanguka hatujawahi kuona maji yake yanaenda wapi."

Ng'ang'a aliuliza kama maji yaliyosimama yana ladha yoyote. Akaambiwa hayana. Akaandika kwamba Mlevi ameshinda, na ukumbi ukapiga makofi mpaka mabati yakatetemeka.

Iliyobaki ilikuwa ni kuchagua mwenyekiti. Kabla majina hayajatajwa, bomba la nje, lililokuwa likitiririka, likanyamaza. Kina mama walikijua kimya hicho: Mlevi amekwama. Waliokota panga zao chini ya viti, wakatoka wakiimba, Ndinda akiwa miongoni mwao, wakashuka kuelekea kwenye michungwa. Ukumbini walibaki ndugu wawili wa Mulei na shemeji yao, wakamchagua Mulei tena bila kupingwa. Nyimbo huko nje zilikuwa kubwa kiasi kwamba Ng'ang'a aliomba matokeo yasomwe mara ya pili.