Maharage Hayakuwa na Kosa

Nyumbani kwetu maharage ndiyo yaliyofukuzwa kwanza. Ikafuata kabichi, yakafuata maziwa na vitunguu, na mwisho pilipili, ambayo kwangu mimi ndiyo raha ya kula. Vyote vilishtakiwa kosa moja: kulichokoza tumbo la mume wangu, mara kiungulia, mara mbio za chooni. Tukabaki na viazi vya kuchemsha asubuhi, mchana na jioni, mpaka watoto wakiona sufuria wanageukia ukutani.

Mume wangu ni fundi wa vioo. Anafanya kazi na kaka yangu, na kazi yenyewe ni ya mikono minne. Kioo kikubwa kikishanyanyuliwa, huyu huku na yule kule, hakuna ruhusa hata ya kukohoa mpaka kiingie kwenye fremu na mpira wa kukishikilia ubanwe pande zote. Kwa hiyo kabla ya kunyanyua mume wangu alikuwa na desturi yake: kikombe cha kahawa, sigara moja ya kutuliza mikono, na nyingine ya kuisindikiza ile ya kwanza. Kisha wananyanyua. Na hapo hapo, kioo kikiwa hewani, tumbo linaanza kunguruma na kusokota, na bwana mkubwa anaanza kutafuta choo kwa macho.

Mara ngapi alitimua mbio, kaka yangu akabaki amekumbatia kioo peke yake kama bwana harusi aliyeachwa! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tuliacha kucheka siku kioo kilipogonga ukingo wa fremu kikapasuka, kipande kikaukosa mguu wa kaka yangu kidogo tu.

Jioni ile kaka alikuja, akakataa kiti.

"Shemeji, lile dirisha la duka la viatu tulilopewa kazi nitaliweka na mtu mwingine. Na baada ya hapo sijui. Nakupenda, lakini na miguu yangu naipenda."

Mume wangu alitoka uani akawasha sigara. Nilimtazama kutoka mlangoni, roho ikiniuma, maana hawa wawili walianza kazi pamoja kabla sijaolewa. Kaka ndiye aliyemleta kwetu. Nikamwona anavuta, anacheua, anajishika tumbo. Anavuta tena, anajishika tena. Nikajiuliza: hivi hii mbona hatujaifukuza?

Kesho yake nilimburuta kwa daktari, mama mmoja mcheshi mwenye mikono ya baridi. Alimbonyeza tumbo, akamuuliza kama anapata choo chenye damu au anapungua uzito, akamfanyia vipimo. Vyote vikatoka safi.

"Utumbo wako hauna kidonda," akasema, "ila ni mwepesi wa kuchokozeka. Unavuta sigara?"

"Kidogo."

"Kidogo cha pakiti nzima," nikadakia.

Daktari akacheka. "Moshi hauishii mapafuni, baba. Unalegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi inapanda, ndicho hicho kiungulia chako. Kila ukivuta unameza na hewa, tumbo linajaa. Na nikotini inaweza kuuharakisha utumbo. Ongeza kahawa, ongeza na hofu ya kioo, utaacha kukimbia? Siahidi muujiza, wapo wanaoacha na tumbo bado likawasumbua. Lakini jaribu hilo kabla hujakipiga marufuku chakula chote cha sokoni."

"Daktari, sigara ndiyo inayonipatia choo asubuhi!"

"Sawa. Na kioo kikiwa mkononi, choo hicho unakipeleka wapi?"

Mume wangu aliitoa pakiti mfukoni, akaiweka juu ya meza ya daktari.

Aliacha. Nisidanganye, nyumba iliwaka moto. Alikigombeza kiti, akaugombeza mlango, akaigombeza redio ambayo haikuwa hata imewashwa. Halafu tumbo likafunga kabisa. Akatoka chooni amenuna: "Daktari wako amenishona kama gunia!" Nikampigia simu daktari. Akasema anywe maji, ale papai, atembee. Utumbo uliozoea kukimbizwa unahitaji muda ujifunze kwenda wenyewe. Basi kila mkono ulipomwasha kutafuta sigara, mume wangu alivaa viatu akazunguka mtaa, mpaka majirani wakadhani amepoteza mbuzi. Kiungulia kikatulia. Kunguruma kukapungua, ingawa siku mbaya hazikwisha zote. Ndipo, kioo cha duka la viatu kikiwa bado hakijaletwa, akaenda mwenyewe kwa kaka.

"Nipe lile dirisha. Nikishindwa, tafuta mwingine, sitakulaumu."

Kaka alikubali shingo upande.

Siku yenyewe nilikwenda kutazama, nikasimama kando nimeng'ata ncha ya kanga. Wakanyanyua. Kioo kirefu kuwapita wote wawili kikapanda taratibu, na kabla hakijafika kwenye fremu, tumbo la mume wangu likanguruma. Nililisikia pale nilipokuwa. Kaka alibadilika rangi.

"Shemeji! Tushushe?"

"Hiyo ni njaa," mume wangu akasema, mikono haitikisiki. "Sikula vizuri asubuhi. Nyanyua upande wako."

Kikaingia. Wakabana mpira chini, juu, kulia, kushoto, na mume wangu hakutoka pale mpaka ukingo wa mwisho. Kisha akachukua kitambaa akafuta alama za vidole vyake, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Nililia pale barabarani, nasema wazi, wala sikujificha.

Tulipofika nyumbani sisi watatu, nilifunua sufuria. Maharage yameungwa kwa vitunguu, mchuzi mzito. Mume wangu nilimpakulia kidogo tu, kama daktari alivyoagiza tuvirudishe vyakula polepole. Sahani yangu niliijaza, na pilipili juu.

Kaka alionja, akanikazia macho. "Dada, haya yalikuwa jikoni tangu alfajiri. Ulijuaje kwamba ataweza?"

"Sikujua. Nilisema akishindwa, angalau nilie nikiwa na kitu kitamu mdomoni."

Mume wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kaka akasukuma sahani yake mbele yangu.

"Niongeze basi. Jumatatu mimi na shemeji tuna kioo kikubwa kuliko kile."