Soksi Alizozifumua Sentimita

Wifi yangu alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Sentimita. Ukimwambia gauni lako alipunguze kidogo, atakuuliza, "Kidogo ni ngapi?" Hakuwahi kurudishiwa nguo hata moja, na hilo alilijua sana.

Alipofanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi, kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa safarini kikazi. Nikahamia kwake mimi, nimuuguze. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alimvalisha soksi mbili nyeupe, ndefu kupita magoti, zinazobana hasa.

"Hizi si za baridi," muuguzi alisema. "Zinaisaidia damu ipande, isilale miguuni ikaganda. Unazivua wakati wa kuoga tu, mpaka tukwambie basi. Na utembee, hata kama ni sebuleni."

Nyumbani, Sentimita alizitazama kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Wifi, nguo inayobana ni nguo iliyokosewa."

"Hiyo si nguo, ni dawa."

"Dawa haina mshono."

Alivumilia siku tatu za joto na muwasho. Siku ya nne nilitoka kuanika nguo. Niliporudi alikuwa kashazivua, kazigeuza ndani nje mapajani. Akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, maana miwani yake ilikuwa mbali. Nilimtungia. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani mimi sikuwepo. Akafumua ubavu wa kila soksi, akapachika kipande cha kitambaa laini, akazivaa tena. Kazi safi! Zilimkaa bila mkunjo, na mimi, kwa ujinga wangu, nikamsifu.

Kwa kuwa hakuna kilichomsumbua tena, alirudi kwenye cherehani. Sare za shule zilikuwa zinamsubiri. Hospitali ilimkataza kukanyaga pedali ya cherehani, basi akawa anazungusha gurudumu kwa mkono, ameketi kutwa nzima, miguu imetulia chini ya meza. Nikimwambia tutembee, jibu lilikuwa lile lile: "Ngoja nimalize kola hii."

Siku ya tisa aliamka anachechemea mguu wa kushoto.

"Ganzi ya kukaa," alisema.

Sikupenda ule mwendo. Nikachukua futi yake ya kupimia nguo, nikampima mashavu ya miguu. Wa kulia, sentimita thelathini na nne. Wa kushoto, thelathini na nane.

"Umepima vibaya." Akaninyang'anya futi, akapima mwenyewe, mara mbili, polepole. Uso ukamshuka. "Futi imevutika," akasema, akaikunja asinitazame.

Mguu ulikuwa wa moto. Nilipomvua soksi niliona ngozi inang'aa, imegeuka rangi. Akaniomba nimkande kwa mafuta. Nilianza, lakini chini ya vidole nyama ilikuwa ngumu kama unga uliokandwa ukasahaulika, naye akauma meno.

"Kanda, wifi, mbona unasita?"

Nikakanda mara mbili tatu, kisha moyo ukakataa. Nikafuta mikono, nikatoka ukumbini kuipiga namba ya wodini tuliyopewa siku ya kuruhusiwa.

Muuguzi aliuliza kwanza, "Soksi anavaa?"

"Anavaa." Kisha nikaongeza, "Lakini tulizipanua."

Kisha akasema, "Msiuguse tena huo mguu. Mleteni sasa hivi. Na akianza kuhema..."

Sikusikia mwisho wake. Ndani mkasi ulianguka sakafuni. Nilimkuta Sentimita ameishika meza kwa mkono mmoja, mwingine kifuani, anavuta pumzi fupi fupi.

"Wifi," alisema, "hewa haifiki."

Jirani yetu dereva wa teksi ndiye aliyetupeleka. Njia nzima Sentimita alipigania pumzi. Midomo ilikuwa imepauka kama majivu, na kucha zake zilinizama mkononi. Katika taa moja nyekundu dereva alimtazama kwenye kioo, akapita bila kusubiri.

Bonge la damu lilikuwa limetoka mguuni likapanda mpaka kwenye mapafu. Nilimuuliza daktari kama ni ile soksi, au kule kukaa, au mikono yangu.

"Siwezi kukuapia, mama," alisema. "Hakuna hata kimoja kilichomsaidia."

Wifi yangu alilazwa siku kumi na moja, hewa ikipitia puani kwa mrija, na sindano kila siku za kuzuia damu isigande. Akapona, kama huku ni kupona. Mguu umebaki mzito, anauvuta. Daktari alituambia wazi kwamba jambo hili likishampata mtu mara moja, linaweza kurudi.

Mume wangu amesharudi na anauliza nitahamia nyumbani lini. Namjibu kesho. Mchana wifi yangu akilala, naketi mlangoni nikisikiliza pumzi zake, viatu viko miguuni. Akikohoa, nasimama. Mara nyingi ni kikohozi tu.