Sahani Moja ya Bukari

Mulumba hakuwa na nywele, hakuwa na hamu ya chakula, hakuwa na pumzi ya kupanda kutoka ziwani hadi soko la Kashikishi. Wageni pia hakuwa nao, maana tangu arudi kutoka Lusaka kwenye matibabu ya kansa ya mapafu alifunga kamba mlangoni.

Nesi Esnart ndiye aliyemwonya. "Baba, dawa hii inapunguza uvimbe, lakini inaua pia chembe za damu zinazopigana na magonjwa. Na pafu moja halifanyi kazi. Corona ikimshika jirani, atakohoa wiki moja. Ikikushika wewe, itakumaliza."

Sokoni walisema anaringa. Aliwaacha waseme. Uvimbe ulikuwa unapungua, naye alitaka kuishi.

Ndipo mdogo wake Ilunga akavuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo, pamoja na wazee wawili wa kanisa, akikohoa.

"Yaya, mukubwa wangu, batu ya kule banasema ni mi nilikula mapafu yako. Hakuna anayenunua samaki yangu. Tukule sahani moja, hawa bashuhudie."

Kwao, ukimshuku ndugu yako kwa uchawi huli naye. Ukila naye, umemsafisha.

"Unakohoa," alisema Mulumba. "Kaa hapo nje. Kila mtu na sahani yake."

"Ni vumbi tu! Pierrette, leta bukari. Bwana yako amekuwa muzungu, tena muzungu wa kipara."

Wazee walicheka. Pierrette alimtazama mumewe, sahani mkononi. Mulumba alijua wachawi wanafanywa nini kule: nyumba huchomwa, mwenyewe akiwa ndani. Akaifungua kamba kwa mkono wake.

Walikula goti kwa goti, wakichovya ugali ule wa muhogo katika mchuzi mmoja. Ilunga alikohoa, akajifuta, akachovya tena.

Ilunga alipona kabla ya Jumapili. Mulumba hakuweza tena kulala chali.

"Ulijua," alisema Esnart, akimwekea oksijeni.

"Nilijua."

Kisha Guylain, mchuuzi wa samaki, akaleta ujumbe kutoka Kilwa: sasa watu wanasema Ilunga alikuja kummalizia ndugu yake kwa ule mlo. Wameshachoma nyavu zake. Yaya amwandikie mchungaji, aseme ni corona.

Mulumba aliandika, akipumzika kila mstari. *Mchungaji, ndugu yangu hakuniroga. Alikuja na corona, nikamwambia anakohoa, akanicheka. Uchawi unahitaji akili.*

"Hayo ya mwisho ufute," alisema Pierrette.

"Yaache. Ndiyo watakayoamini."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, na Mulumba hakumruhusu mkewe ailambe, maana yeye mwenyewe alikuwa ameikoholea. Alimega bukari iliyopoa, akaipaka ukingoni, akabana kwa kidole gumba hadi ikashika. Guylain akaichukua, akashuka nayo kwenye mtumbwi.