Kung'oa Jino

Nyumba yetu haina mlango hata mmoja. Niliing'oa yote kwa mikono yangu, mwaka ule mke wangu alipotolewa ndani ya gari lililopinduka mtaroni, baada ya kukaa humo saa nne kifua kimebanwa na mlango uliokataa kufunguka. Bafuni pana pazia. Hata penye mlango wa mbele pana pazia, na nyuma yake mbwa asiye na adabu.

Tangu siku ya ajali mke wangu hapandi chombo chenye mlango. Tulijaribu lori la wazi. Alipoziona bodi nne zimemzunguka, aliteremka kabla dereva hajawasha moto. Kilichobaki ni pikipiki yangu.

Ni pikipiki ya safari, yenye masanduku mawili ubavuni na kioo cha kukinga upepo. Niliinunua nilipostaafu ualimu, kwa karani wa posta aliyekuwa akizunguka nayo nchi tambarare. Mjini inakwenda vizuri. Lakini mji wetu umekaa kama ndani ya bakuli, milima pande zote, na barabara ya kutoka ni moja tu, nayo inapanda kwa kona kumi na mbili. Nikiwa peke yangu hufika juu. Nikimpakia mke wangu, injini hukoroma, hutetemeka, kisha huzima kwenye kona ya nne. Kwa miaka sita hakuvuka kona hiyo.

Ng'ambo ya mlima anaishi mama yake, mwenye miaka tisini na nyonga iliyovunjika, asiyeweza kusafirishwa. Mwishoni mwa mwezi wa nne shemeji yangu alipiga simu. Daktari alikuwa amempima mama macho: ni presha ya macho, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Kabla ya mwaka kwisha hatatambua sura ya mtu. Picha za simu alikuwa haoni tena.

Mke wangu aliweka simu mezani, akanitazama.

"Mwalimu," alisema. Huniita hivyo anapotaka jibu. "Pikipiki hiyo haiongezewi nguvu?"

"Itaongezewa," nikasema. Nami nikisema neno, nimesema.

Uwezo wetu ulikuwa mdogo, lakini nilikuwa na karatasi, penseli na subira. Nilikwenda kwenye gereji ya Spana Kumi. Jina hilo alipewa kwa kuwa haonekani bila spana namba kumi mfukoni, hata akienda msibani. Nilimfundisha hesabu darasa la saba, na katika mtihani wa mwisho nilimfelisha kwa alama mbili. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Mimi nilikuwa nalikumbuka kila anaponisalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka injini hii iongezewe nguvu. Inazima mlimani nikimpakia mke wangu."

Aliichuchumalia pikipiki, akazungusha gurudumu la nyuma mara moja, akacheka.

"Hii, Mwalimu? Hii ng'oa jino tu, umemaliza."

Alikwisha kuniambia hivyo mara tatu katika miaka ile sita, na mara zote nilimjibu vilevile.

"Sing'oi jino la chombo kizima. Huo ni uharibifu."

Niliwaona wabeba kabichi wakija kwake na pikipiki zao, nikawasikia wakisema "ning'olee jino", nikapata picha ya msumeno ukikata jino la gia kama mtu anavyovunja kikombe kwa makusudi. Sikuuliza. Mwalimu aliyemfelisha mwanafunzi humuulizaje?

"Haya," alisema, akiinua mikono. "Mwenye mali ni wewe. Basi tufanye ya kizungumkuti."

Tulifanya ya kizungumkuti kwa miezi mitatu. Silinda ilikuwa imelika. Tukaipeleka kwa mchonga vyuma aipanue, na pistoni kubwa zaidi tukaipata katika injini iliyokufa iliyokuwa ikitumika kuzuia geti. Vali nilizisaga mwenyewe kwa mkono, nimekaa kwenye kigoda barazani, nikizizungusha kwa kijiti chenye mpira mpaka zikakaa mahali pake pasipo kuvuja hata tone la petroli. Kabureta tuliisafisha, tukaiwekea tundu pana kidogo la mafuta. Bomba la moshi lilikuwa limeziba masizi. Nililichoma, nikaligonga, likatapika takataka za miaka ishirini.

Mke wangu alikaa karibu na kunipangia nati katika trei ya mayai.

"Vali imekaa?"

"Imekaa."

"Ulisema hivyo jana."

"Jana ilikuwa imekaa vibaya."

"Kama mimi hapa," akasema, na hakucheka.

Simu ilikuwa ikilia kila Jumapili. Mwezi wa tano mama alikuwa bado akiona kuku uani. Mwezi wa saba alikuwa akimwita mjukuu kwa jina la mwenzake mpaka asikie sauti.

Mwezi wa nane tuliwasha injini. Ilinguruma kwa sauti nzito na safi, na Spana Kumi mwenyewe akapiga kofi. Asubuhi iliyofuata nilimpakia mke wangu. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na katika sanduku la kulia alikuwa ameweka zawadi za mama yake.

Kona ya nne tuliipita, naye akanipiga mgongoni kwa furaha. Ya tano tukaipita. Kwenye ya sita injini ilianza kukoroma. Nilishusha gia mpaka ya kwanza, nikafungua moto wote, nikanusa klachi ikiungua. Ikazima. Tukaanza kurudi nyuma nami nimebana breki, miguu yangu ya kizee ikiburuzwa kwenye kokoto.

Mke wangu aliteremka, akakaa kwenye jiwe. Chini yetu mji mzima ulionekana umefungwa pande zote. Alikuwa ameupa mgongo.

"Kona mbili," alisema. "Miezi mitatu, kona mbili."

 Ndipo nikasikia kelele za injini nyembamba ikipiga mayowe. Ikatokea pikipiki kuukuu, injini yake ndogo kuliko yangu, imebeba magunia manne ya kabichi na mwanamume mnene juu ya magunia. Ilikuwa ikipanda polepole lakini bila kusita, kama mtu apandaye ngazi za nyumbani kwake. Nilisimama katikati ya barabara, nikainua mkono.

"Mzee, unataka kuniua? Nikisimama hapa narudi nyuma!" dereva alifoka, lakini alisimama.

"Umeifanya nini injini hii?"

"Injini? Sijaigusa tangu niinunue. Niling'oa jino tu."

"Nionyeshe."

Aliniona nimechanganyikiwa. Alifungua kifuniko kidogo pembeni ya injini, pale penye gia ya mbele inayovuta cheni. Nilipiga magoti. Nikatazama meno yale yaliyojaa mafuta. Hapakuwa na pengo. Hapakuwa na jino lililokatwa. Niliyahesabu kwa kidole: yalikuwa kumi na matatu, yote mazima.

"Liko wapi lililong'olewa?"

Mtu wa juu ya magunia alicheka hadi kabichi moja ikaporomoka.

"Mzee, halikatwi! Unafunga gia nyingine yenye meno machache. Ndiko kung'oa jino huko. Mbio zinapungua, inavuta kama punda."

Nilifungua kifuniko cha pikipiki yangu hapohapo. Meno kumi na saba. Karani wa posta alikuwa amefunga gia ya mbio kwa ajili ya nchi tambarare, nami sikuwa nimeyahesabu hata siku moja. Kwa miaka thelathini niliandika ubaoni, kwa chaki, maswali ya uwiano: gurudumu lenye meno kadha likizungusha gurudumu lenye meno kadha.

Niliposimama mke wangu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote.

Tulishuka moja kwa moja hadi gereji.

"Spana Kumi," nilisema. "Nilikosea. Sikujua maana ya neno hilo, na nikaona haya kukuuliza. Naomba uning'olee jino."

Hakucheka. Alipekua kopo la vyuma, akatoa gia ya meno kumi na manne, akafuta kutu kwa suruali yake.

"Tutang'oa matatu," alisema. Tukapunguza cheni pingili mbili. Kazi nzima haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Alipokuwa akikaza nati ya mwisho alisema bila kuinua macho, "Swali lililonifelisha, Mwalimu, lilikuwa la uwiano."

"Nakumbuka."

"Nililipata baadaye."

Tuliondoka alfajiri ya kesho yake. Injini ilipiga mayowe kona zote kumi na mbili, wala haikusita. Juu kabisa, upepo wa upande wa pili ulitupiga usoni, na mke wangu akasogeza kinywa karibu na sikio langu.

"Kwa hiyo miaka sita yote ilikuwa meno matatu?"

"Ndiyo."

Aliondoa kinywa sikioni mwangu, tukateremka.

Mama mkwe alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba. Mke wangu alimwita tangu getini. Bibi kizee aligeuza kichwa upande ambao mke wangu hakuwapo.

"Njoo karibu. Karibu zaidi. Geukia kwenye mwanga."

Alimshika mashavu, akamvuta mpaka pua zao zikakaribia kugusana, akamtazama kwa muda mrefu, jicho moja kwanza, kisha la pili.

"Umezeeka," alisema, akacheka na kulia. "Ni wewe. Mwaka jana ningekuona ukiwa pale getini."

Mke wangu alinitazama juu ya kichwa cha mama yake. Niliinama kando ya pikipiki, nikajifanya ninakagua cheni, nikayahesabu meno mara mbili.